Gertrude Jekyll

Gertrude Jekyll (London, 29 Novemba 1843 – Munstead Wood, Surrey, 8 Desemba 1932) alikuwa mbunifu wa bustani, mwandishi, mchoraji na fundi wa kazi za mikono kutoka nchini Uingereza. Alibuni au kushiriki kubuni bustani zipatazo 400 huko Uingereza, katika nchi nyingine za Ulaya na Marekani. Aliandika pia vitabu zaidi ya kumi na makala zaidi ya 1,000 kwa ajili ya majarida na magazeti.

Anajulikana hasa kwa namna alivyopanga rangi za maua. Hata hivyo, mchango wake katika ujenzi wa bustani za mawe si mdogo. Kabla yake, ukuta wa mawe uliozuia udongo mbele ya jumba la mashambani ulikuwa kazi ya mwashi na mchonga mawe peke yao. Jekyll aliufanya kuwa mahali pa kupanda mimea. Kwa kushirikiana na msanifu majengo Edwin Lutyens alitengeneza bustani ambazo ndani yake ni vigumu kusema jengo linaishia wapi na mimea inaanzia wapi.

Familia na utoto

Jekyll alizaliwa mtaa wa Mayfair, London, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa Kapteni Edward Joseph Hill Jekyll, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, na mkewe Julia Hammersley. Familia ilikuwa na uwezo wa kifedha na ilipenda muziki, sanaa na sayansi.

Ndugu yake mdogo Walter alikuwa rafiki wa mwandishi Robert Louis Stevenson, ambaye aliazima jina la ukoo huo kwa ajili ya riwaya yake maarufu ya mwaka 1886 kuhusu daktari mwenye nafsi mbili. Kwa sababu hiyo watu wengi duniani wanalijua jina la Jekyll bila kujua kwamba kulikuwa na mtunza bustani mwenye jina hilo. Walter mwenyewe alihamia Jamaika na kukusanya nyimbo na hadithi za watu wa kisiwa hicho.

Mwaka 1848 familia ilihamia Bramley, kijiji cha mkoa wa Surrey kusini mwa London. Gertrude alikulia huko akizunguka vijijini na mashambani, mara nyingi peke yake. Alipenda kutazama wahunzi, maseremala, waezekaji na waashi wakiwa kazini, akajifunza majina ya vifaa vyao na sababu za kila hatua. Ujuzi huo ulimfaa maisha yake yote. Alipokuja kuandika juu ya ukuta, aliandika kama mtu aliyewahi kulishika jiwe na kulipindua kutafuta uso wake mzuri.

Masomo ya sanaa na safari

Mwaka 1861 alijiunga na shule ya sanaa ya South Kensington, London. Wakati huo wanawake wachache tu wa tabaka lake walisomea sanaa kwa nia ya kuifanya kazi. Alisoma nadharia za rangi, na alinakili michoro ya J. M. W. Turner ili aelewe jinsi mchoraji huyo alivyozipanga rangi kali karibu na rangi zilizofifia.

Mwaka 1863 alisafiri pamoja na mtaalamu wa mambo ya kale Charles Newton na mkewe Mary, ambaye alikuwa mchoraji, hadi Ugiriki na Uturuki. Baadaye alifika pia Italia, Hispania na Algeria. Katika nchi hizo za bahari ya Mediteranea aliona mimea yenye majani ya kijivu na harufu kali ikiota kwenye majabali na kwenye nyufa za kuta kuukuu, chini ya jua kali na karibu bila udongo. Mimea ya aina hiyo, kama lavenda na rosmari, ilitawala baadaye kwenye kuta zake nyingi.

Kwa miaka mingi alichora, alitarizi, alichonga mbao, alifua vyombo vya fedha na, kuanzia mwaka 1885, alipiga na kusafisha picha mwenyewe. Alifahamiana na John Ruskin na William Morris, watu waliotetea kazi ya mkono dhidi ya bidhaa za viwandani.

Baba yake alifariki mwaka 1876, na mama yake akarudi Surrey kujenga nyumba kwenye kilima cha Munstead karibu na mji wa Godalming. Bustani ya nyumba hiyo ilikuwa ya kwanza kubwa kusimamiwa na Gertrude, na ilianza kuvuta wageni. Mmojawapo alikuwa William Robinson, mwandishi na mhariri wa majarida ya bustani ambaye Jekyll alikutana naye mwaka 1875. Jekyll alianza kumwandikia makala.

Macho

Jekyll alikuwa na tatizo la kutoona mbali tangu utotoni, nalo lilizidi kadiri miaka ilivyopita. Mwaka 1891 alikwenda kwa daktari bingwa wa macho Hermann Pagenstecher mjini Wiesbaden, Ujerumani. Jibu lilikuwa zito: macho hayangepona, na ili kuokoa uwezo uliobaki ilimpasa aache uchoraji na utarizi, yaani kazi mbili alizokuwa amezifanyia mazoezi kwa miaka thelathini. Alikuwa na umri wa miaka 47.

Tangu hapo nguvu zake nyingi zilihamia kwenye bustani. Baadhi ya waandishi hueleza kwamba alipanda maua kwa makundi makubwa ya rangi kwa sababu hakuweza kuona vizuri ua moja moja. Maelezo hayo yanavutia, lakini yanafaa kupokewa kwa tahadhari, kwani makundi ya rangi alikuwa amejifunza kwa Turner kabla macho hayajaharibika sana. Tena mtu asiyeona mbali huona vizuri kilicho karibu na uso wake. Maelezo ya Jekyll juu ya ukoga, punje za jiwe na majani madogo yanayochipua ufani ni ya mtu aliyeinama karibu kabisa na ukuta.

Kuta za bustani kabla ya Jekyll

Majumba mengi ya mashambani ya Uingereza yalijengwa kwenye miteremko ili yapate mandhari na upepo. Ili kupata uwanja tambarare mbele ya jumba, ardhi ilikatwa kwa matuta mapana mithili ya ngazi, na kila tuta lilishikiliwa na ukuta wa mawe. Kazi ya kwanza ya ukuta huo ni kuzuia udongo na kuongoza maji ya mvua yasibomoe mteremko. Mkulima wa milimani anaifahamu kazi hiyo vizuri. Tofauti ni kwamba mbele ya jumba la tajiri ukuta huo ulipaswa pia kupendeza.

Mtindo wa kuipamba ulitoka Italia, ambako bustani kama ile ya Villa d'Este mjini Tivoli zilijengwa kwa matuta, ngazi na chemchemi katika karne ya 16. Waingereza waliuiga katika karne ya 17. Katika karne ya 18 ladha ilibadilika. Wabunifu kama Lancelot Brown waliondoa matuta mengi na kuleta majani ya malisho hadi karibu na mlango wa nyumba. Karne ya 19 kuta zilirudi kwa kishindo. Msanifu Charles Barry alijenga matuta makubwa ya Kiitalia huko Trentham, Harewood na Shrubland Park, yenye uzio wa nguzo fupi zilizochongwa, mitungi ya mawe, sanamu na ngazi pana. Chini yake kulikuwa na vitalu vya maua ya msimu yaliyokuzwa kwenye nyumba za vioo, kisha kupandwa kwa maelfu na kung'olewa msimu ulipokwisha.

Kufikia miaka ya 1890 mtindo huo ulikuwa umezua ugomvi. Robinson aliushambulia akisema bustani ni ya mimea na si ya mawe. Msanifu Reginald Blomfield alimjibu kwa kitabu cha mwaka 1892 kilichodai kwamba bustani iliyo karibu na nyumba ni sehemu ya jengo, hivyo inapaswa kuchorwa na msanifu. Maneno makali yalirushwa pande zote mbili. Jekyll alikuwa rafiki wa Robinson, lakini hakukubali kwamba ni lazima kuchagua. Kwake matuta, ngazi na mistari iliyonyooka vilifaa karibu na nyumba, mradi mawe yawe ya mahali penyewe na mimea ipewe nafasi ya kuyalainisha.

Ushirikiano na Lutyens na nyumba ya Munstead Wood

Mwezi Mei 1889 Jekyll alialikwa kunywa chai kwa jirani aliyekuwa mkuzaji wa maua, na hapo akakutana na Edwin Lutyens. Lutyens alikuwa kijana wa miaka 20 aliyeanza tu kazi ya usanifu. Jekyll alikuwa na miaka 45. Kwa miaka iliyofuata walizunguka barabara za vijijini Surrey kwa kigari cha farasi mdogo, wakitazama nyumba kuukuu, mabanda, mabomba ya moshi na kuta. Lutyens alimpa Jekyll jina la utani la Bumps. Yeye naye alimfungulia kijana huyo milango ya wateja matajiri, jambo ambalo mara nyingine husahauliwa na wanaoandika habari za Lutyens.

Jekyll alikuwa amenunua kiwanja cha ekari 15 mkabala na nyumba ya mama yake mwanzoni mwa miaka ya 1880. Alikiita Munstead Wood na kuanza kukipanda miti na maua kabla ya kuwa na nyumba. Mama yake alipofariki mwaka 1895, alimwagiza Lutyens amjengee nyumba humo, nayo ilikamilika mwaka 1897. Ilijengwa kwa jiwe la mchanga la Bargate, linalochimbwa eneo hilohilo, na kwa mbao za mialoni ya jirani. Jekyll alisimamia ujenzi kwa karibu na hakusita kumpinga msanifu wake.

Ndani ya bustani hiyo alijenga ukuta mrefu wa jiwe lilelile, wenye kimo cha zaidi ya mita 3. Mbele yake alipanda kitalu cha maua chenye urefu wa mita 60 hivi na upana wa mita 4. Rangi zilianza na buluu, nyeupe na kijivu ncha moja, zikapanda kupitia njano hadi machungwa na nyekundu katikati, kisha zikashuka tena polepole hadi rangi baridi ncha ya pili. Ukuta ulikuwa na kazi tatu humo: ulikinga upepo, ulihifadhi joto la jua na ulikuwa kama turubai nyuma ya picha.

Mwaka huohuo wa 1897 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani kilianzisha Nishani ya Heshima ya Victoria na kuwapa watu 60. Wanawake walikuwa wawili tu: Jekyll na Ellen Willmott.

Ukuta kama mahali pa kupanda

Mwaka 1901 Jekyll alitoa kitabu kuhusu bustani za kuta na za maji, kiitwacho Wall and Water Gardens. Sehemu kubwa yake inaeleza ukuta uliojengwa kwa mawe matupu, bila chokaa wala saruji. Njia hiyo ilikuwa ya zamani sana miongoni mwa wakulima. Jipya lilikuwa kuitumia kwa makusudi kwenye bustani za watu wenye nafasi, na kuwaeleza wasomaji hatua kwa hatua.

Ukuta wa namna hiyo hausimami wima kabisa. Unaegemea nyuma kidogo kuelekea udongo unaouzuia, na kila jiwe hulazwa likiinamia ndani. Kuna sababu mbili. Kwanza, uzito wa udongo nyuma yake hauwezi kuusukuma kwa urahisi. Pili, mvua inayopiga uso wa ukuta hutiririka ndani ya nyufa na kufikia mizizi. Ukuta ulionyooka wima hauipi mimea yake maji hayo.

Kati ya safu na safu ya mawe hutandazwa udongo mwembamba badala ya chokaa. Wakati unaofaa zaidi wa kupanda ni wakati wa kujenga: mche hulazwa ubavu juu ya safu iliyokamilika, mizizi ikinyooshwa hadi udongo wa nyuma, kisha jiwe linalofuata huwekwa juu yake. Ukuta ukiwa umekwisha jengwa, mtu anaweza kusukumia ufani mbegu zilizochanganywa na udongo tifutifu, au miche midogo sana. Miche mikubwa huvunjika mizizi na kufa.

Jekyll alisisitiza pia kutofautisha upande wa jua na upande wa kivuli. Ukuta unaotazama kusini, ambao Uingereza ndio unaopata jua zaidi, ulifaa mimea ya Mediteranea na ile inayovumilia ukame. Ukuta unaotazama kaskazini alipendekeza upandwe makangaga na mimea ya milimani inayopenda ubaridi. Alikataza kutia kimoja kimoja cha kila aina kama duka la kuuza mimea. Aina moja isambae kwa mkupuo mrefu, ipenye hadi kwenye aina ya pili, na sehemu nyingine ya jiwe iachwe wazi ionekane.

Maelezo haya yalibadilisha hadhi ya ukuta. Tuta la Kiitalia lilihitaji wachonga mawe, mitungi na sanamu, gharama ambayo wachache waliimudu. Ukuta wa mawe matupu ulihitaji mwashi wa kijijini, jiwe la karibu na mtu anayejua mimea. Jekyll mwenyewe alionyesha hilo huko Millmead, Bramley, kwenye kiwanja chembamba chenye mteremko ambacho Lutyens alikijengea nyumba kati ya 1904 na 1907. Alikishusha kwa matuta madogo yaliyounganishwa na ngazi fupi, na kila tuta likawa kama chumba chenye tabia yake. Mfano huo ulielezwa katika kitabu cha mwaka 1912 kuhusu bustani za nyumba ndogo za mashambani, alichoandika pamoja na Lawrence Weaver.

Hestercombe

Kazi inayotajwa zaidi ya Jekyll na Lutyens iko Hestercombe, karibu na mji wa Taunton katika mkoa wa Somerset. Ilifanywa kati ya 1904 na 1908 kwa ajili ya Edward Portman, mjukuu wa lodi aliyekuwa mwenye jumba. Jumba lenyewe halikuwa zuri, na mbele yake tayari kulikuwa na tuta la miaka ya 1870 la mtindo wa Kiitalia. Lutyens hakulibomoa. Alilitumia kama roshani ya kutazamia bustani mpya iliyo chini yake.

Chini ya tuta hilo ardhi ilichimbwa na kuwa uwanja wa mraba uliozama, uitwao Great Plat, wenye vitalu vya pembetatu na njia zinazokatana kutoka pembe hadi pembe. Pande zake mbili zimepandishwa matuta marefu, na katikati ya kila tuta unapita mfereji mwembamba wa maji wenye urefu wa mita 40 hivi, ulionyooka kama uzi. Kila mfereji unaanzia kwenye dimbwi lililochongwa ndani ya ukuta chini ya kuba, ambamo maji hutoka mdomoni mwa uso wa jiwe. Upande wa kusini bustani inafungwa na kichanja kirefu cha mimea inayotambaa, kilichosimama juu ya nguzo za mawe za duara na za mraba zinazopokezana. Kati ya nguzo hizo mtu anaona bonde la Taunton na vilima vya Blackdown.

Mawe ni ya aina mbili. La kwanza ni jiwe la kijivu lililopasuka bapa bapa, lililochimbwa nyuma ya jumba lenyewe na kutumika kwa kuta na kwa njia. La pili ni jiwe la Ham, lenye rangi ya asali, linalochimbwa Somerset na kuchongeka kwa urahisi. Hili lilitumika kwa nguzo fupi, kingo na nyumba ya michungwa iliyo upande wa mashariki. Jiwe gumu la kijivu halichongeki vizuri, hivyo mapambo yake yote yanatokana na jinsi lilivyopangwa: bapa juu ya bapa, duara la jiwe la kusagia katikati ya njia, ngazi za nusu mwezi zinazokutana na ngazi za nusu mwezi nyingine.

Jekyll alipewa kazi ya kuzuia mawe mengi namna hiyo yasichoshe macho. Chini ya tuta la zamani alipanda mstari wa mimea ya kijivu ya lavenda, rosmari na jamii zake, ambayo karibu inafanana rangi na ukuta wenyewe. Kwenye nyufa za kuta na ngazi alitia Erigeron karvinskianus, ua dogo jeupe na waridi kutoka Meksiko linalojiotesha lenyewe mahali popote penye ufa. Vitalu vya uwanja aliviwekea ukingo wa Bergenia, mmea wenye majani mapana mazito yanayobaki mwaka mzima, ili mstari wa jiwe usionekane mkavu hata majira ya baridi. Lutyens ndiye anayesifiwa zaidi kwa Hestercombe, na mchoro wa kuta ni wake kweli. Lakini ukiondoa mimea, kama ilivyotokea baadaye, inabaki ngome.

Kazi nyingine na vita

Huko Sonning, Berkshire, wawili hao walitengeneza Deanery Garden kati ya 1899 na 1901 kwa ajili ya Edward Hudson, mwanzilishi wa jarida la Country Life. Jarida hilo lilizitangaza nyumba na bustani zao nchi nzima. Hudson pia alinunua ngome ya Lindisfarne, kwenye kisiwa cha pwani ya kaskazini mashariki, na mwaka 1911 Jekyll alipanda huko bustani ndogo iliyozungukwa na ukuta wa mawe, peke yake kwenye uwanja mtupu wa malisho. Bila ukuta huo upepo wa Bahari ya Kaskazini usingeacha ua hata moja.

Mwaka 1908 alichora bustani ya jumba la Upton Grey huko Hampshire, mali ya Charles Holme, mwanzilishi wa jarida la sanaa The Studio. Hapo Lutyens hakuhusika. Jumba lilirekebishwa na Ernest Newton. Jekyll alishusha mteremko ulio nyuma ya nyumba kwa kuta za mawe matupu zilizojaa mimea, na upande wa mbele akaacha bustani ya mwituni isiyo na mstari hata mmoja ulionyooka. Kwa hiyo Upton Grey ni mahali pazuri pa kuona alichoweza kufanya mwenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Lutyens alikuwa mmoja wa wasanifu wakuu wa tume iliyoshughulikia makaburi ya wanajeshi wa Dola ya Uingereza. Jekyll alichora mipango ya upandaji kwa makaburi kadhaa ya Ufaransa, akitumia maua ya kawaida ya bustani za nyumbani miguuni pa mawe ya makaburi. Tume hiyohiyo ndiyo inayotunza makaburi ya vita ya Dar es Salaam, Moshi na Taveta, ingawa mimea ya huko ni tofauti kwa sababu ya hali ya hewa.

Uzeeni alisafiri mara chache. Wateja walimtumia ramani, picha na sampuli za udongo kwa posta, naye aliwarudishia michoro, na mara nyingi miche kutoka kitalu chake cha Munstead. Kwa njia hiyo alibuni bustani nyingi ambazo hakuziona kamwe. Alichora hata bustani ndogo mno ya nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyobuniwa na Lutyens na kukamilika mwaka 1924. Mchoraji William Nicholson alichora picha yake mwaka 1920, na pia picha ya viatu vyake vizee vya kazi, ambavyo vimekuwa maarufu karibu sawa na uso wake.

Jekyll hakuolewa na hakuwa na watoto. Ndugu yake Herbert, aliyeishi jirani katika nyumba ya mama yao, alifariki Septemba 1932. Yeye mwenyewe alifariki Munstead Wood tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 89, na alizikwa kwenye uwanja wa kanisa la Busbridge. Kaburi la familia lilibuniwa na Lutyens, na maandishi yake yanamtaja kwa kazi tatu: msanii, mtunza bustani na fundi.

Urithi

Bustani za Jekyll zilihitaji watunzaji wengi. Vita mbili, kodi za mirathi na kupanda kwa mishahara viliwafanya wenye majumba wapunguze wafanyakazi, na vitalu vya maua ndivyo vilivyoachwa kwanza. Katikati ya karne ya 20 bustani zake nyingi zilikuwa zimegeuzwa majani matupu, viwanja vya tenisi au vichaka. Munstead Wood iligawanywa na kuuzwa kwa vipande mwaka 1948. Mara nyingi kilichobaki kilikuwa kuta peke yake.

Michoro yake mingi ilinunuliwa na mbunifu wa bustani wa Marekani Beatrix Farrand, ambaye mwaka 1955 aliikabidhi kwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hifadhi hiyo imewezesha kurudisha bustani ambazo vinginevyo zingekuwa zimepotea. Upton Grey ilirudishwa kuanzia mwaka 1984 kwa kufuata nakala za michoro ya Berkeley mmea kwa mmea, na kuta zake zilizokuwa zimebomoka zilijengwa upya.

Hestercombe ilitangulia. Kikosi cha zimamoto cha Somerset kilihamia katika jumba hilo mwaka 1953. Kuta zilikuwa bado zimesimama, lakini mimea ya Jekyll ilikuwa karibu yote imetoweka. Kisha baadhi ya michoro yake ya upandaji ikapatikana katika kibanda cha bustani, na mwaka 1973 halmashauri ya mkoa ikaanza kuirudisha bustani kwa kuifuata. Ilikuwa mojawapo ya kazi za kwanza za aina hiyo nchini Uingereza. Leo bustani iko wazi kwa wageni.

Munstead Wood ilinunuliwa na shirika la hifadhi la National Trust mwaka 2023. Aina ya lavenda inayoitwa Munstead na ua la buluu la Nigella linaloitwa Miss Jekyll bado huuzwa katika maduka ya mbegu ya nchi nyingi.